Unga wa Jiwe Kwenye Breki

Haya, nakutegea wewe unayesoma, na usikimbilie kujibu. Alilia kutuonya, wakamziba mdomo, akatuachilia tukaanguka. Ni nani huyo?

Usiseme mbwa. Kila ninayemtegea husema mbwa. Wanawake wa rika langu husema ni mke wa fulani, halafu tunacheka mpaka chai inamwagika. Si mbwa, si jogoo, na si mke wa mtu. Ni breki. Breki za Landrova kuukuu ya Mzee Thadeus Ongeri wa Masimba, mwaka wa sitini na tisa. Nikizikumbuka hata leo chai inanimwagika, na usidhani ni kicheko. Ni hasira.

Thadeus alikuwa mzee wa kanisa letu, sisi Wasabato, na alikuwa na duka pale Masimba pamoja na kinu cha kusaga mahindi. Gari aliinunua kwa mzungu wa Nyansiongo, siku zile mashamba ya wazungu yalipokuwa yakikatwa na kugawiwa watu, na mzungu yule akauza kila kitu mpaka birika. Mume wangu Okemwa ndiye aliyekuwa dereva. Alikuwa amejifunza kuendesha trekta katika shamba la mzungu huyohuyo, kwa hiyo gari na dereva vilikuja Masimba pamoja, kama ng'ombe na kamba yake.

Sasa sikia elimu ya magari ya Mzee Thadeus. Oili ya injini, alisema, haimwagwi. Ikiwa nyeusi ndiyo imekolea, kama majani ya chai yaliyochemka vizuri. Wewe ongeza tu juu yake. Injini ikichemka, inyweshe maji ya mto yakiwa baridi vilevile, maana hata ng'ombe aliyechoka hapewi maji moto. Injini ilipopasuka kwa sababu ya maji hayo, akasema mzungu alimuuzia chuma chenye ufa. Waya wa hendibreki ulipokatika hakuutengeneza. Kazi ya hendibreki ni nini, akauliza, na mawe ya kuzuia gurudumu yamejaa barabarani? Kwenye mteremko alitaka dereva azime injini, atoe gea, aache gari ijitembeze yenyewe. “Hiyo ni petroli ya Mungu,” alisema. Na kila jioni alichomeka kijiti ndani ya tangi kuona kama Okemwa ametii.

Juu ya yote hayo alikuwa na neno moja alilolirudia kuliko mstari wowote wa Biblia: gari ikipiga kelele ni mgonjwa, ikinyamaza imepona.

Watu walimwamini. Kwa nini wasimwamini? Yeye alikuwa na gari, sisi tulikuwa na miguu.

Na Okemwa wangu, nisimsifu bure, alikuwa na yake pia. Kila Ijumaa kabla jua halijatua aliiosha gari ili iingie Sabato ikiwa safi, na si nje tu. Alifungua boneti akaosha mpaka injini, kwa sabuni ya kipande na maji ndoo kwa ndoo, kama mtu anayeosha mtoto. Sabato moja gari ikakataa kabisa kuwaka. Mzee na mkewe wakaja kanisani kwa miguu, viatu mkononi, matope mpaka kwenye magoti, na Okemwa bado ananiuliza, “Lakini si iko safi?” Nilimcheka mpaka akakataa chakula.

Lakini juu ya breki Okemwa alikuwa anasema kweli.

Zilianza kulia miezi kadhaa kabla ya makambi, ule mkutano wetu mkubwa wa mahema wa kila Agosti. Kilio chenyewe kilikuwa chembamba na kirefu, kama nguruwe anayeshikwa mguu. Gari ikikaribia kanisa, kwaya inapoteza sauti. Watoto walishaigiza: mmoja anajifanya Mzee Thadeus, anatembea tumbo mbele, wengine nyuma yake wanalia “iiiiii”. Thadeus akawa anaona aibu, na mtu mwenye majivuno akiona aibu, jihadhari naye.

Siku moja nilikuwa nimepeleka mahindi kinuni, nikawakuta yeye na Okemwa wamesimama kando ya gari.

“Mzee, hizi zimekwisha,” Okemwa alikuwa anasema. “Sasa ni chuma inakula chuma. Tuipeleke Kisii mjini wabadilishe.”

“Kitu inalia kwa sababu ni kavu, Okemwa. Mkanda wa kinu changu ukilia nafanya nini?”

“Unatia unga wa jiwe.”

“Halafu?”

“Unanyamaza.”

“Basi.”

“Mzee, mkanda na breki si kitu kimoja. Mkanda kazi yake ni kuzunguka. Breki kazi yake ni kukataa.”

“Hayo ulisomea wapi?”

Okemwa akaangalia viatu vyake. Hakuwa amesomea popote, na Thadeus alijua.

Nikuambie unga huo ni nini, kama hukukulia kwetu. Ni vumbi la lile jiwe laini linalochimbwa kule Tabaka, jiwe la kuchonga vinyago na vibakuli. Likipigwa msasa linatoa unga mwororo wa rangi ya waridi, na ukiusugua kati ya vidole unateleza kama sabuni. Thadeus alikuwa na debe zima la unga huo pembeni mwa kinu. Mkanda ukianza kupiga kelele, anachota, anarushia, kelele zinakwisha. Masimba yote ililijua debe hilo. Mara nyingine vumbi liliingia kwenye unga wetu wa ugali, nasi tukalalamika, naye akasema jiwe halina dhambi.

Ijumaa ya kuelekea makambi Thadeus alimwambia Okemwa aende nyumbani mapema, asioshe gari, aiache uani. Okemwa akafurahi. Tulikula mchana pamoja, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Sabato ikapita, gari haikutoka uani. Jumapili asubuhi akaenda kuichukua ili apeleke ndizi na sufuria kwa wapishi wa makambi, upande wa Nyansiongo. Akaizungusha uani, akakanyaga breki. Kimya. Hata kamlio kadogo hakuna.

“Mzee, hizi zimetengenezwa na nani?”

“Nimeshazitibu,” Thadeus akamwambia. “Nenda.”

“Mbona naona kama zinateleza kidogo?”

“Kitu kimepona leo, unataka kikimbie leo? Zitazoea. Nenda, wapishi wanangoja.”

Akaenda. Nyuma, juu ya mikungu ya ndizi mbivu, alikaa Nyamusi, mama wa kanisa letu mwenye sauti nzuri kuliko sote, aliyekuwa anakwenda kupika. Barabara kutoka pale kinuni ni tambarare kwa muda, halafu inafika ule mteremko ulio juu ya shamba letu.

Mimi nilikuwa shambani nachuma pareto. Kikapu kilikuwa kiunoni. Na nataka unielewe vizuri hapa, kwa sababu nimeshaeleza mara nyingi na watu hutikisa kichwa tu: gari ile sikuisikia. Gari tuliyoizoea kuisikia kutoka ng'ambo ya mto, siku hiyo ilikuja juu yangu bila sauti. Injini imezimwa, kama alivyoagizwa. Gea imetolewa, kama alivyoagizwa. Breki zimenyamaza. Nilichosikia kwanza ni majani ya migomba yakipigwa na upepo wake. Nikainua macho nikamwona mume wangu nyuma ya kioo, amesimama kabisa kwenye breki, kichwa kimegusa paa, mdomo umefunguka. Alikuwa anajaribu kurudisha gea, na gea inakataa. Halafu Nyamusi akapiga ukemi. Ile sauti yake nzuri yote aliimaliza pale.

Gari ikaacha barabara kwenye kona, ikaruka mtaro, ikalala ubavu kwenye mikaratusi.

Nilikimbia na kikapu bado kiunoni, maua ya pareto yanamwagika nyuma yangu. Nyamusi alikuwa nyasini, nyonga imevunjika, anauliza sufuria ziko wapi. Okemwa alikuwa ametupwa nje, mguu umekunjika pasipo na kiungo, na mikungu yote ya ndizi imemwangukia ikapondeka juu yake. Alikuwa hai. Nilimshika uso. Akaniambia, “Hazikushika, Ng'ina Mogire. Nilikanyaga, hazikushika.” Ng'ina Mogire ni mimi; kwetu mwanamke huitwa mama wa mtoto wake wa kwanza, na mume mwenye adabu humwita hivyo hata akiwa anakufa.

Hatukuwa na njia ya kumwinua mpaka watu wapatikane. Jua lilipanda, likawa kali. Ndizi zilizokwisha kuiva kupita kiasi zikaanza kuchacha mwilini mwake, nzi wakaja. Wakati Thadeus anafika na watu wa Masimba, harufu pale ilikuwa kama ya chungu cha pombe.

Unajua Thadeus alisema nini? Hakuuliza kama mtu yuko hai. Hakuuliza Nyamusi anaumia wapi. Aliizunguka gari yake kwanza, kisha akainama juu ya mume wangu, akanusa, akainuka, akawaambia watu:

“Huyu amelewa. Njooni mnuse wenyewe.”

Nao wakaja wakanusa! Watu wazima, mmoja mmoja, wamepanga mstari, wananusa mume wangu kama mzoga. Ndizi wanaziona. Ndizi wamezikanyaga. Lakini mzee wa kanisa amesema pombe, basi pua zao zikanusa pombe.

Niliwaacha wanuse. Nilikuwa nimeinama karibu na gurudumu la mbele lililong'oka. Ile ngoma ya breki, sufuria ya chuma ambayo ndani yake breki hubana, ilikuwa imepasuka. Nikaingiza kidole. Kikatoka na uji mzito wa rangi ya waridi, mwororo, unateleza, unanuka samli. Nikaufuta kwenye kitambaa changu cha kichwa, nikakikunja, nikakiweka kifuani.

Okemwa na Nyamusi wakapelekwa hospitali Kisii. Nyamusi tangu hapo alitembea kwa kuchechemea mpaka mwisho wa maisha yake. Mguu wa Okemwa uliungwa, lakini jina lake ndilo lililoendelea kuvunjika. Thadeus alilipeleka kila mahali: dukani, kinuni, kwenye makambi yenyewe. Dereva mlevi. Msabato mlevi. Alikuwa anakunywa kwa siri miaka yote. Na baraza la kanisa likatangaza kwamba Okemwa akirudi kutoka hospitali atasikizwa, na ikionekana ni pombe, atatengwa na ushirika mbele ya watu wote. Unajua kutengwa ni nini mahali kama kwetu? Ni watu kuhama benchi ukikaa. Ni mtoto wako kukosa mchumba. Na mtu wa kukupa gari uendeshe hayupo tena.

Nilikwenda kinuni. Ilikuwa siku ya soko, foleni imefika barabarani. Nikapita watu wote mpaka mbele. Pembeni mwa kinu, pale debe la unga wa jiwe lilipokaa miaka yote, palikuwa na alama ya mraba tu sakafuni. Debe hakuna. Na mkanda, ndugu yangu, mkanda ulikuwa unalia.

“Mzee Thadeus,” nikasema kwa sauti ya kushinda kinu, “mkanda wako unalia leo.”

“Na ulie.”

“Mbona huutibu? Dawa imekwenda wapi?”

Mwanamke mmoja kwenye foleni akaanza kucheka, akajiziba na leso. Thadeus akazima kinu. Kukawa kimya, na yeye huwa na nguvu zaidi penye kimya.

“Ng'ina Mogire, mambo ya gari ni ya wanaume. Nenda ukauguze mlevi wako.”

“Nani alitia unga wa jiwe kwenye breki?”

“Unga gani?”

“Nakuuliza mbele ya watu. Nani alitia?”

“Mnasikia huyu?” akawageukia. “Mume ameangusha gari ya watu, mke anatafuta mchawi. Haya, nani anafuata? Leta gunia.”

Na wakaleta magunia. Macho chini, lakini wakaleta. Niliwatazama mmoja mmoja, watu waliokula unga wenye vumbi lile meno yakawalia, watu wanaolijua debe lile kama wanavyojua mlango wa nyumba zao. Wakasogeza magunia mbele. Hasira niliyokuwa nayo kwa Thadeus ilikuwa moja. Hii nyingine ya watu wa foleni ilikuwa kubwa zaidi.

Nikaingia nyuma ya duka, nyumbani kwa Thadeus, kumtafuta mkewe Bathsheba.

Bathsheba alikuwa rafiki yangu. Shemasi wa kanisa, mpole, mwenye kucheka kwa mabega bila sauti. Tulipokuwa tukipukuchua mahindi pamoja tulikuwa tunategeana vitendawili mpaka vidole vinauma, na aliyeshindwa anatoa mji, kama tulivyofundishwa shuleni: “Nakupa Kisii, nakupa Kenyenya.” Kwa miaka mingi nilikuwa nimeshampokonya miji yote ya Gusii.

Nilimkuta uani anatwanga njugu. Juu ya paa la jiko alikuwa ameanika chekecheo lake la unga, lile la waya laini. Lilikuwa limesuguliwa. Lakini kwenye ukingo, pale waya unapoingia katika mbao, palikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya waridi ambao maji hayakuweza kuufikia. Nikalitazama. Naye akaniona nikilitazama.

Hatukusalimiana. Nikamtegea papo hapo.

“Alilia kutuonya, wakamziba mdomo, akatuachilia tukaanguka. Ni nani?”

Mchi ukasimama hewani. “Mbwa,” akasema.

“Si mbwa.”

“Basi nimeshindwa. Nakupa mji. Chukua Masimba.”

“Masimba naifanyia nini, Bathsheba? Masimba iko pale mbele na magunia yake. Sitaki mji. Nataka jibu.”

“Ng'ina Mogire, sema polepole.”

“Nyamusi amevunjika nyonga. Ulimwona? Ulienda hata kumwona?”

“Nilienda.”

“Ulimwambia nini?”

Akaokota njugu iliyoruka chini, akairudisha.

“Nani alitia unga kwenye breki?”

Akauangalia mlango wa duka, kisha mikono yake. “Nina watoto,” akasema.

“Na mimi nina nini? Vifaranga?”

Akaanza kutwanga tena. Njugu zilikuwa zimekwisha kuwa unga zamani, yeye anatwanga tu. Nikaondoka. Njiani nikajiapiza kwamba mwanamke huyu sitamwita rafiki tena, na nilikuwa nataka kulia, nikakataa kulia.

Okemwa alipotoka hospitali, baraza likakaa Jumapili, maana mambo ya kesi hayasemwi Sabato. Kanisa lilijaa kama siku ya ubatizo. Mwenyekiti alikuwa Mzee Obwocha, mtu wa haki lakini mwoga wa kelele, na Thadeus alikaa kando yake kwa sababu alikuwa mzee mwenzake. Mshtaki na hakimu benchi moja. Okemwa alikaa mbele, mguu umenyooshwa na mbao, amevaa koti la harusi yetu. Wanawake tulikuwa nyuma, na Bathsheba kwenye benchi la mashemasi, leso imefungwa mpaka kwenye nyusi.

Thadeus akasema yake, vizuri, kwa sauti ya kuhubiri. Alinusa. Watu walinusa. Gari ilikuwa nzima, imepona, haina hata mlio.

“Okemwa,” Mzee Obwocha akasema, “una neno?”

“Sikunywa, Mzee. Sijawahi. Breki zilikataa. Nilimuuliza Mzee Thadeus nani amezitengeneza, akaniambia, ‘Nimeshazitibu.’”

“Nilisema nimeiombea gari!” Thadeus akadakia. “Nilisema nimeiombea. Ndugu zangu, siku hizi mzee wa kanisa kuombea gari inayokwenda kwenye makambi ni kosa?”

“Hapana,” watu wakaitikia, kama wanaitikia sala.

Nikasimama.

“Mama, keti,” Obwocha akasema. “Kina mama watasikizwa mwisho.”

“Mwisho ni lini, Mzee? Baada ya mikono kuinuliwa?”

“Keti, Ng'ina Mogire, tafadhali.”

“Nitaketi. Lakini kwanza nikuletee kitu.” Nikapita katikati ya mabenchi, watu wanavuta miguu kunipisha, mwingine ananing'ata kwa jicho. Nikakunjua kitambaa mbele yake mezani. “Sugua hapo kwa kidole. Usiniamini mimi, amini kidole chako.”

Obwocha akatazama kulia na kushoto. Akasugua. Akasugua tena. Uso wake ukabadilika.

“Hili ni jiwe la Tabaka,” akasema. “Limetiwa samli.”

“Lilitoka ndani ya breki. Nililitoa mwenyewe, Mzee Thadeus yuko pale anawapangia watu zamu ya kunusa.”

Kanisa likavuma. Nikadhani tumemaliza. Lo, sikumjua Thadeus. Hakutikisika hata kope.

“Basi tumepata jibu,” akasema polepole. “Mnaona? Okemwa ananiona nikitia unga kwenye mkanda wa kinu. Breki zinalia, anaona uvivu wa kuzipeleka mjini, anaiba unga wangu, anatia. Mlevi anaweza kufikiri nini? Mimi nilikuwa nimeomba tu, sikujua mtu amefanya upumbavu.”

Okemwa akajaribu kuinuka, mbao ikamrudisha. “Mzee Thadeus!” akasema. “Mungu anatuona hapa!”

“Anatuona,” Thadeus akajibu. “Ndiyo maana nasema kweli.”

Na watu wakaanza kutikisa kichwa, ule mtikiso wa kukubali. Dakika ile ile! Kwanza mume wangu alikuwa mlevi, sasa amekuwa mlevi, mwizi na mpumbavu, na bado wanakubali.

“Nani alitia?” nikasema. “Okemwa Ijumaa ile mchana alikuwa kwangu, anakula. Mlimfukuza mapema. Mbona mlimfukuza mapema?”

“Mke atasema nini kingine?” mtu mmoja akasema nyuma, wengine wakacheka kidogo.

“Nani alitia?”

“Ng'ina Mogire, swali lako tumelisikia,” Obwocha akasema. Alikuwa anakunja na kukunjua kitambaa changu, hataki kukitazama. “Tumelisikia. Lakini kama hakuna aliyeona, sisi tutafanya nini? Ni neno la mtu na mtu, na mmoja ni mzee wa kanisa.” Akasafisha koo. “Wanaokubali ndugu Okemwa atengwe na ushirika, wainue mkono.”

Mkono wa kwanza ukawa wa Thadeus mwenyewe. Kisha mwingine karibu na dirisha. Kisha benchi moja zima la wanaume wa foleni ya kinu, wanainua nusu nusu, kiwiko kimebana ubavu, kama mtu anayeomba ruhusa ya kutoka nje. Nyamusi, aliyekuwa ameletwa kwa machela akalazwa kando ya mlango, akasema peke yake, “Yaya, yaya,” yaani hapana, hapana, na hakuna aliyegeuka.

Sikuketi. Nikageuka, mgongo kwa wazee, uso kwa benchi la mashemasi. Sikupiga kelele tena. Sauti ilikuwa imebaki ndogo.

“Nauliza mara ya mwisho. Nani alitia unga wa jiwe kwenye breki?”

Bathsheba aliinamisha kichwa. Mabega yake yakatikisika, nikafikiri anacheka ule ucheko wake, nikataka kumpiga. Kisha akasimama. Akafungua leso kichwani mbele ya kanisa zima, akajifuta nayo uso, akaishika mkononi.

“Keti, mama,” Thadeus akamwambia.

Hakumtazama. Alinitazama mimi.

“Leo sikupi mji, Ng'ina Mogire,” akasema. “Ni Thadeus. Aliutia Ijumaa mchana, gari iko uani, akauchanganya na samli ili ushike. Na mimi ndiye niliyemchekechea.”